Kabla hujaivunja sura: somo kwa wanaoanza uchoraji

Wadogo zangu, naona wengi wenu mna haraka ya kufika kwenye sanaa ya dhahania, ile isiyoonyesha vitu kama vinavyoonekana. Mnachukua sura ya mtu, mnaikatakata vipande, kazi imekwisha. Naomba kwanza mkae na picha moja: ile ambayo mchoraji Mhispania Pablo Picasso alimchora Daniel-Henry Kahnweiler, muuzaji wa kazi zake mjini Paris, mwaka 1910. Sasa iko kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani, na mtandaoni mnaweza kuikuza mkaiona vizuri.

Mwanzoni utaona vipande vya kahawia na kijivu tu. Usiondoke. Tazama chini katikati, viganja vimefumbatana. Panda kidogo, kuna mnyororo wa saa. Juu zaidi utaipata pua, kisha nywele zilizochanwa kwa mawimbi. Ukishaviona hivyo, mtu mzima anajitokeza ameketi. Majira ya joto mwaka huohuo Picasso alikuwa Cadaqués, Uhispania, akichora picha ambazo kilichochorwa kilikuwa karibu kupotea kabisa. Kwa Kahnweiler aliacha alama hizo chache, na ndizo zinazobeba picha yote.

Safari ya kufika kwenye kuivunja sura namna hiyo ilimchukua miaka. Mwandishi Mmarekani Gertrude Stein alikaa mbele yake achorwe mara nyingi mno, hadi mwaka 1906 Picasso akaufuta uso, akaenda zake Gósol, kijiji cha Uhispania. Aliporudi akauchora upya bila Stein kuwepo, mzito kama kinyago, kwa kufuata sanamu za kale za Iberia, yaani za Uhispania ya zamani. Mwili ukabaki kwa mtindo wa awali. Mimi napapenda sana hapo kichwa kinapokutana na mwili, maana unamwona mchoraji akivuka. Mwaka uliofuata alivikuta vinyago vya Afrika kwenye makumbusho ya Trocadéro mjini Paris, navyo vikamfundisha mengi. Msiache kulitaja hilo.

Basi anza na mtu halisi aliyekaa mbele yako. Tumia kahawia, nyeusi na nyeupe tu, ili jicho lifuate maumbo. Mchore tena na tena, kila mara ukipunguza kitu kimoja. Acha ukingo wa bega wazi, liungane na ukuta wa nyuma. Mwonyeshe anayemfahamu. Asipomtambua, rudi hatua moja, utafute kitu ambacho ni chake peke yake: miwani, au namna anavyokunja vidole.