Protini ya Kwenye Mkojo Haitoki Sahanini

SWALI: Wifi yangu ana mimba ya wiki 31. Kliniki wamemkuta na presha 146/94, na mkojo una protini, jumlisha mbili. Nesi akasema kondo la nyuma linatoa protini zinazoumiza mishipa. Tangu hapo mama amemkataza mayai, maharage na dagaa. Ni sawa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Mrudishieni chakula chake leo hii, kisha mpelekeni hospitali leo hiihii. Msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Presha ya juu pamoja na protini kwenye mkojo ni dalili za priklampsia, ugonjwa wa ujauzito unaoweza kuleta kifafa cha mimba.

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba wa seli, na seli hizo huishi kwa kutegemea protini mbili za damu, VEGF na PlGF. Kondo lisilopata damu ya kutosha humwaga kwa wingi protini nyingine, sFlt-1, inayozinasa hizo mbili zikiwa njiani. Utando ukizikosa, hutoa kidogo mno hewa ya naitriki oksaidi inayolegeza mishipa. Mishipa hujikaza, presha hupanda. Kwenye figo, chujio huanza kuvuja na kupitisha albumini, protini ambayo ini la wifi yako limeitengeneza lenyewe. Ndiyo hiyo iliyogeuza kijikaratasi cha kupimia mkojo kutoka njano kuwa kijani. Mayai hayahusiki hata kidogo, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanampa madini ya kalsiamu anayoyahitaji.

Huko hospitali, presha itapimwa tena baada ya muda wa saa 4 kupita. Apumzike kwanza dakika 5, ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya: husoma juu.

Namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, au kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu, au akiumwa chini ya mbavu za kulia, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku. Hapo hospitali humchoma magnesiamu salfeti kuzuia kifafa cha mimba.

Aspirini ya dozi ndogo hupunguza uwezekano wa kupata tatizo hili ikianzwa mapema, takriban wiki ya 12. Kwa mimba hii muda umepita, ila ijayo amkumbushe daktari.

Kondo likitoka, chanzo kimeondoka, lakini utando huchukua muda kupona. Kifafa kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua, hasa wiki ya kwanza, kwa hiyo aendelee kupimwa presha mpaka wiki 6 ziishe.