Je, ni lazima kusoma kitabu chote kabla ya kuanza?

Ndugu, umeuliza kama msimamizi wa mchezo analazimika kusoma kitabu kizima cha Curse of Strahd kabla ya kikao cha kwanza. Kwa maoni yangu, kisome chote mara moja kwa haraka, bila kukariri, kisha uandae kwa makini sura moja au mbili tu zilizo mbele ya wachezaji. Kisa hiki cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, kilichotolewa mwaka 2016 na chenye kurasa 256, hakifuati njia moja: Madam Eva, mhusika mtabiri, anapowapigia ramli wachezaji, karata tano huamua zilipofichwa hazina tatu, nani atakuwa mshirika wao, na ni wapi ndani ya ngome yake watamkuta Strahd, adui mkuu wa kisa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mimi nilizichanganya karata mezani papo hapo, na upanga, mojawapo ya hazina hizo, ukaangukia mahali ambapo wahusika wa ngazi ya tatu ya uwezo wasingetoka hai. Tangu siku hiyo nazichanganya peke yangu mapema, nayatazama matokeo, kisha nazipanga kwa mfuatano uleule siku ya mchezo. (Huo si udanganyifu, ni maandalizi.) Yaandike matokeo hayo kwenye ukurasa mmoja, pamoja na majina ya watu wanaoweza kuwadokezea wachezaji siri hizo, na ukurasa huo ukae mbele yako kila kikao. Nyumba ya utangulizi, yaani kisa kifupi cha kuanzia, unaweza kuiruka ikiwa kundi lako lina uzoefu, mradi uwaanzishe wahusika katika ngazi ya tatu.