Usimuulize mtu "umeionaje?"

Video yetu ya kwanza ya muziki tuliionyesha darasani, hapa Kampala, mbele ya wenzetu 11. Wote walipiga makofi. Mmoja akasema "nzuri sana", mwingine "kazi mmefanya", wa tatu akataka tu kujua kamera tuliazima kwa nani. Mwalimu alikuwa ametuagiza tukusanye maoni ya watazamaji kabla ya kukabidhi kazi, basi nikaandika kwenye daftari: watazamaji wameipenda. Mstari mmoja, nikafunga daftari.

Sasa, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale mbele, na soda walizokuwa wakinywa nilizinunua mimi. Nani angenipasulia ukweli huku chupa yangu iko mkononi mwake? Huku kwetu Uganda mtu akikupita unalima, unafagia au unatengeneza pikipiki, anakushukuru kwa kazi hata kabla ya kukuuliza habari: gyebaleko. Hajaikagua kazi yenyewe. Ni adabu nzuri na mimi mwenyewe naitumia kila siku, ila haifai kuhariria video. Ukimuuliza mtu "umeionaje?" anakujibu wewe. Video anaiacha ilipo.

Wimbo wenyewe ni wa Kiswahili, umetungwa na mwanafunzi mwenzetu. Kijana anaondoka kwao kwenda kuendesha boda boda mjini, mama anabaki akimngoja, mwisho kijana anarudi. Dakika 3 na sekunde 40. Hadithi nyepesi, au ndivyo tulivyodhani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani Bombo na video kwenye flashi. Jirani yetu, mzee mmoja Mganda ninayemwita jajja, ambaye amenijua tangu sijaota meno, nilimwekea kwenye laptopu. Safari hii sikumuuliza kama ameipenda. Nilimwambia: "Jajja, nisimulie ulichokiona, kama unamsimulia mtu ambaye hakuwepo." Akafikiri kidogo, akasema, "Maskini, yule kijana amekufa na pikipiki. Mama yake amebaki peke yake."

Nilitaka kumkatiza. Hakuna anayekufa kwenye video yetu! Picha ya mwisho ni helmeti ya kijana ikiwa juu ya meza ya mama yake, maana yake amerudi, ameivua, amefika nyumbani. Tuliiona kuwa picha ya kishairi kabisa. Lakini kwa mtu anayeishi katika nchi hii, ambako kila mtaa una mtu aliyeumia kwenye boda boda, helmeti bila kichwa ni msiba. Nikawauliza watu wengine 6 kwa namna ileile, kila mmoja peke yake. Wanne walimzika kijana wetu.

Kumbuka kwamba darasani hakuna aliyesema haya. Hatukuwauliza hadithi inahusu nini, na wao waliijua tayari, maana tulikuwa tumeisimulia wiki nzima kwenye mistari ya chakula. Mtu anayejua ulichokusudia hafai kuwa mtazamaji wako. Anaona nia yako, haoni picha.

Dawa ilikuwa ndogo mno: picha ya sekunde 2, mkono wa kijana ukichukua kikombe cha chai kando ya helmeti. Tuliipiga Jumatatu jikoni kwa shangazi yangu. Baada ya hapo hakufa tena.

Jajja hakuwa amemaliza. Alikuwa bado anacheka. "Na huyu mama, nani amemfunga hivi?" Mwigizaji wetu wa mama ana miaka 21, gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa huku, aliazima, na kile kitambaa cha kiunoni alikifunga juu kabisa kama mkanda wa suruali. Kinafungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga. Kila mwanamke aliyewahi kuvaa gomesi analiona hilo kabla hajaona kitu kingine chochote. Sisi wavulana wanne tulioshika kamera tulikuwa tumeitazama picha ile mara mia. Gomesi ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe, kwa hiyo picha nyingi tulizikuza hadi kifuani, kitambaa kikatoka nje ya fremu. Ukali wa picha ulipungua kidogo. Afadhali hivyo kuliko kuchekwa na kila mama mwenye harusi wiki hiyo.

Jioni ya Jumamosi ileile nilikwenda kwenye kibanda cha video nyuma ya soko. Tanzania wangekiita kibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni moja kubwa. Mchana wanaweka filamu ambazo VJ anazitafsiri kwa Kiganda juu kwa juu, jioni mpira. Nilimwomba mwenye kibanda aiweke video yetu kati ya filamu na mechi, asiseme ni ya nani. Nikakaa benchi la nyuma na daftari, mgongo umeegemea bati, nikiwatazama watu.

Hili ndilo ningependa ulifanye hata kama mengine yote utayaacha. Usiandike maoni, andika dakika. Yangu yalikuwa hivi: 0:20 kimya, wanaangalia. 0:47 vijana wawili wametoa simu. 0:52 mmoja anauliza mechi inaanza saa ngapi. 1:05 kiitikio, vichwa vimerudi juu.

Nilipofungua laptopu kutafuta 0:47 nilikuta boda boda ikipanda mlima alfajiri, ukungu, jua linachungulia. Sekunde 14. Kwa ajili ya picha ile tuliamka saa kumi usiku na mpiga picha wetu alipata mafua ya wiki. Nani angeikata? Tulibishana siku mbili. Mwisho ikabaki sekunde 4, na mpiga picha hadi leo akiniona ananikumbusha zile 10.

Halafu kulikuwa na mtoto, labda wa miaka kumi, benchi la mbele. Mwimbaji wetu alipotokea ufukweni mwa ziwa, Entebbe, yule mtoto akasema kwa sauti, "Huyu kama ana VJ nyuma yake." Kibanda kizima kikacheka. Alimaanisha kwamba mdomo unakwenda kwake na sauti kwake.

Niliona aibu, nikamlaumu mwimbaji: hajui kufuatisha wimbo wake mwenyewe. Tulikaribia kurudi Entebbe kupiga upya, nauli ya taksi (daladala za huku) ya watu watano. Lakini picha za karibu za siku ileile, mwimbaji yuleyule, zilikuwa sawasawa. Zilizokosea ni za mbali tu. Hapo ndipo tulipong'amua. Spika ilikuwa miguuni pa mwimbaji, kamera iko kama mita 40 kutoka kwake. Wakati wa kuhariri tulilinganisha ile sauti hafifu iliyonaswa na kamera na wimbo wa studio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ilifika kwenye kamera imechelewa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde, wakati picha ya mdomo ilifika papo hapo. Kwa video ya fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde hizo ni fremu 3. Mdomo ulikuwa unatangulia fremu 3 kila picha ya mbali! Tukazichelewesha picha hizo fremu 3, kazi ya dakika kumi, Entebbe hatukurudi.

Mtoto hakujua lolote kuhusu fremu. Sisi tuliojua tulikuwa tumeizoea kasoro hadi haikutusumbua tena. Na kama tungemfuata pale nje tukamuuliza "tufanyeje?", angetuambia tutafute mwimbaji mwingine.

Kuna maoni ambayo hatukuyafuata. Mwenzetu mmoja wa Kampala alisema wimbo ungependeza kwa Kiganda, Kiswahili kinamkumbusha wanajeshi. Sikumkasirikia, ingawa mimi ni Mnubi na lugha hii nimeinyonya na maziwa. Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na wazazi wengi wa huku walikisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini masikio ya watu hayasikilizi baraza. Kuimba upya kwa Kiganda kungekuwa kutengeneza wimbo mwingine. Ila nilipomdadisi zaidi aliniambia kuwa ubeti wa pili hakuuelewa kabisa. Hilo tuliweza kulitibu: tukaweka tafsiri ya Kiganda chini ya picha.

Maandishi yale nayo yakatuletea mengine. Kwenye skrini ya maabara yalisomeka. Kwenye simu ya konda wa taksi yalikuwa kama sisimizi. Watu hapa wanahesabu MB. Kuanzia 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua mitandao ya kijamii, na 2021 hiyo ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Mtu akitaka kutazama video anashusha ubora hadi mwisho, picha inakuwa ukungu mtupu. Tuliongeza ukubwa wa herufi karibu maradufu. Picha ya mama kando ya tadooba, kibatari cha mafuta ya taa, usiku, ambayo tuliionea fahari, juani ilikuwa kioo cheusi unachojionea uso wako. Tuliinua sehemu za giza mpaka tukaona zimezidi kidogo, kisha tukaziacha hivyohivyo. Jaribu yako nje, saa saba mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Jambo la kupita tu: onyesha mapema, video ikiwa bado mbichi, lakini wataje watu vitu viwili ambavyo hujamaliza, mfano rangi na sauti ya upepo, wasikupotezee muda navyo. Na mwimbaji asikae chumbani. Wetu alianza kueleza maana ya ubeti kabla mtazamaji hajafunga mdomo, nikamfinya.

Toleo la nne nililipeleka tena kibandani Bombo. Benchi lilelile la nyuma, daftari lilelile. Kwenye 0:47 hakuna aliyetoa simu. Ufukweni hakuna aliyecheka. Yule mtoto alikuwepo, mbele kama kawaida, ameangalia vizuri mpaka katikati ya ubeti wa pili, kisha akainuka akatoka nje kununua chapati.

Nikaandika: 2:10.