Jibu: Honda C70 ya marehemu babu

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kufufua pikipiki, Honda C70 ya marehemu babu yako, iliyolala stoo huko Kondoa. Anza na kadi ya usajili, kabla hujanunua hata plagi. Linganisha namba za chesisi na injini na zile zilizo kwenye kadi. Kama kutu imezifunika, sugua taratibu kwa brashi na mafuta ya taa, usipige msasa. TRA (Mamlaka ya Mapato) watataka barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo wabadili jina. Kisha bima.

Injini haisumbui: safisha tangi na kabureta, badili oili. Ila taa! Nyingi za zamani ni volti 6. Balbu ya volti 12 itawaka kama kibatari, na usiku barabara ya Dodoma ina malori. Rangi ya babu usiiguse, nakuomba.