Anayesaini Mkataba Siye Anayelala Ndani

Siku nilipopokea kodi ya kwanza kutoka kwa shirika lililopanga nyumba yangu ili vijana wenye ulemavu wakae humo, nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Moshi mjini, kila shilingi nimeshaipangia kazi. Tulikubaliana laki tano kwa mwezi, malipo ya miezi sita, kwa hiyo nilitegemea milioni tatu. Iliyoingia ni milioni mbili na laki saba. Nikampigia mhasibu wao palepale, sauti imepanda, watu wananigeukia. Akanijibu taratibu: "Shikamoo mama. Hiyo laki tatu haijapotea. Ni kodi ya zuio, tumeipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako. Cheti chako utakipata."

Nimepangisha watu miaka kumi na minne, lakini wapangaji wangu wote walikuwa familia za kawaida: mwalimu, dereva wa malori, mama mmoja muuza mitumba. Hakuna aliyewahi kunikata zuio. Shirika halina ujanja hapo. Likilipa pango linakata asilimia 10 na kuiwasilisha serikalini. (Kiswahili nacho kimetuonea: anachonilipa mpangaji ni kodi, ninachoilipa serikali ni kodi, halafu kuna kodi ya kodi.) Kwa hiyo kabla hujataja bei, uliza: hiyo ni kabla ya zuio au baada? Ukitaka laki tano kamili mkononi, taja kama 556,000. Na vile vyeti vitunze kwenye faili moja, maana ndivyo vitakavyokutetea siku ukiulizwa kodi ya mapato yako ya pango. Ushuru wa stempu wa mkataba nao, asilimia 1 ya pango la mwaka, mkubaliane mapema nani anautoa.

Nyumba yangu iko Rau, hapahapa Moshi, vyumba vinne na uzio, tuliijenga na marehemu mume wangu kidogo kidogo. Wanaokaa ni vijana saba wenye ulemavu, wote wamevuka miaka 18, pamoja na mama mlezi anayelala humohumo. Wawili wanatumia viti mwendo. Wengine wanajifunza ushonaji na ufundi simu mjini. Watu huniuliza kama ni kituo au hospitali. Hapana, ni nyumba. Wanapika, wanagombania rimoti, wanasahau kufunga geti. Tofauti ni kwamba yupo mtu wa kuwasaidia kwenye yale wasiyoyamudu peke yao, na pango linalipwa na mtu ambaye hajawahi kulala hapo hata usiku mmoja. Jambo hilo la mwisho lilinichukua muda kulielewa, na karibu makosa yangu yote yametokana nalo.

Karatasi kwanza. Omba cheti cha usajili wa shirika, na jina lililoko kwenye cheti ndilo liandikwe kwenye mkataba, si jina la mradi wala la yule kijana mchangamfu aliyekuja kuona nyumba. Uliza nani ana mamlaka ya kusaini, upewe kwa maandishi. Kama watakaokaa ni watoto chini ya miaka 18, hiyo ni habari nyingine kabisa: makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na usikabidhi funguo kabla hujaiona. Mimi nilikwenda pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuuliza tu kama shirika analifahamu. Dakika kumi, sikulipa kitu.

Sasa mteremko wa viti mwendo, ambao bado nikiukumbuka naona aibu.

Baraza ya nyumba yangu iko juu ya ardhi kama sentimita 45. Shirika likaomba mteremko mlangoni, nikasema hilo dogo, nikamwita fundi wangu wa siku zote. Akamwaga zege urefu wa mita mbili, akapiga lipu laini kama sakafu ya sebuleni, tukapongezana. Siku ya kuhamia, kijana mmoja akajaribu kupanda mwenyewe. Alifika nusu, mikono ikatetemeka, magurudumu yakaanza kurudi. Mlezi alimdaka kwa mgongo wake. Kijana hakulalamika. Alitazama ile zege, akaniambia, "Mama, hii ni ya kushukia tu."

Kipimo kumbe kipo na ni rahisi: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, unahitaji sentimita 12 za urefu. Baraza ya sentimita 45 inataka mteremko wa mita 5.4. Uwanja wangu haukuwa na nafasi hiyo kwa kunyooka, ikabidi tuuzungushe na ukuta, katikati tuweke sehemu tambarare ya kupumzikia, pembeni bomba la kushikilia, na zege iachwe na mikwaruzo ili mvua za masika zikija magurudumu yasiteleze. Ya kwanza tulivunja kwa nyundo, kwa gharama yangu. Mlango wa choo ulikuwa sentimita 70, kiti kinapita lakini vidole vya mwenye kiti vinachubuka kwenye fremu. Tukaupanua hadi 90. Huo wakalipa wao.

Ndiyo maana nasema usiite fundi kabla hujamwita atakayetumia. Akae kwenye kiti chake, afike mlangoni, afike bombani, ajaribu swichi za taa. Halafu andikeni kwenye mkataba mambo mawili: nani analipia mabadiliko, na siku wakihama, mabadiliko yanabaki au nyumba inarudishwa ilivyokuwa. Mimi nimeandika yanabaki.

Shimo la choo sikuliwaza kabisa. Familia ya watu wanne ilikaa miaka mitano bila kuita gari la majitaka. Watu wanane, ambao wengi wao wako nyumbani sehemu kubwa ya siku, na nguo na mashuka yanayofuliwa kila asubuhi, walilijaza kwa miezi kumi na mmoja. Nikasema ni matumizi yao. Wao wakasema shimo ni sehemu ya jengo, na jengo ni langu. Mkataba ulikuwa kimya. Tulibishana wiki mbili kwa barua pepe na harufu ikiwa palepale, na waliokuwa wakiinusa hawakuwa mimi wala mhasibu. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu. Hali kadhalika kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, kwa nyumba ya chini kama yangu ni 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni wao, anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo, kwa hiyo mwisho wa mwaka mhasibu akaniletea dai la 18,000, limeambatanishwa na risiti zote. Nilicheka, nikalipa.

Kuhusu majirani, nilifanya jambo moja vizuri na moja vibaya. Vizuri: kabla hawajahamia nilikwenda na kiongozi wa shirika kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, tukajitambulisha, tukaacha namba ya simu ya kupigiwa kukiwa na shida usiku. Balozi aliuliza, "Ni wagonjwa hao?" Akajibiwa kwamba ni wapangaji, wanaitwa majina yao, na karibu uje uwasalimie. Alikuja.

Vibaya: kwenye kikoba chetu, katika maongezi ya kawaida tu, nilitamka kwamba binti mmoja pale ana kifafa. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa naeleza jinsi walezi wanavyofanya kazi kubwa. Baada ya wiki, mwenye genge alianza kumwekea yule binti chenji juu ya meza badala ya mkononi, maana bado wapo wanaoamini kifafa kinaambukiza kwa kugusana. Mama mlezi alijua habari imetoka wapi. Nilikwenda kumwomba radhi binti mwenyewe. Akaniitikia, "Haya, mama," akaendelea kukunja nguo. Kuanzia siku hiyo ugonjwa wa mtu ndani ya nyumba ile siujui, hata nikiujua.

Mlezi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kupiga hodi. Nilikuwa na ufunguo wangu wa geti, na nilizoea kuingia kuangalia miparachichi na kuchungulia kama dari linavuja. Siku moja akanitoa pembeni. "Mama, kwa heshima zote. Hawa kila walipopita watu wamekuwa wakiingia bila hodi. Hapa tulitaka pawe tofauti." Ufunguo nimeuacha kwenye bahasha kwa ajili ya dharura, na nikitaka kwenda napiga simu siku mbili kabla. Parachichi wananiletea wenyewe.

Kubwa kuliko yote ni hili: mashirika mengi yanaishi kwa miradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Mwaka wa pili pango lilichelewa miezi miwili na nusu kwa sababu fedha za wafadhili hazijafika. Familia ikichelewa, unakwenda kuzungumza na anayedaiwa, mtatazamana machoni. Hapa nilikwenda Rau nimekasirika, nikakuta mdaiwa hayupo. Wapo vijana wanaokula ugali na maharage, hawajui hata tarehe ya kodi. Nikarudi nyumbani na hasira yangu.

Kwa hiyo uliza wazi kabisa: fedha za pango hili zinatoka wapi, na zinaisha lini? Usione haya. Muda wa mkataba usivuke tarehe hiyo bila kifungu cha kuelekeza itakuwaje. Weka notisi ndefu, mimi nilitaka miezi mitatu pande zote mbili, ili hao vijana wasije kutafutiwa pa kulala ndani ya wiki moja. Na uwe na akiba ya pango la miezi miwili. Kama nyumba hiyo ndiyo inayolipa ada ya shule ya mwanao muhula kwa muhula, pangisha familia, hakuna atakayekulaumu.

Kwa upande wa pesa, jirani yangu anapata laki tano na nusu kwa nyumba kama yangu. Lakini ndani ya miaka mitatu amebadilisha wapangaji mara nne, kila mara dalali na rangi upya, na miezi katikati nyumba tupu. Mimi sijapaka rangi tangu waingie, isipokuwa chini ya kuta ambako viti mwendo vinakwangua.

Mkataba mpya tunasaini Juni. Kijana wa ile "ya kushukia tu" ameomba awepo kwenye kikao, na shirika limekubali. Ameshanitumia hoja zake kwa simu, ziko tatu, na mbili ni za mwanga wa taa ya nje. Shimo la choo safari hii lina kifungu chake.