Jeni za kuzuia saratani zina kazi gani kwa mgonjwa asiye na saratani?

Swali: Nina miaka 41, na kwa miaka 11 sasa ninaugua kolaitisi ya vidonda kwenye utumbo mpana. Nilipofanyiwa kipimo cha kamera hivi karibuni, vinyama vilikatwa na kupelekwa maabara. Majibu yanasema hakuna saratani wala displasia (seli zilizoanza kubadilika kuelekea saratani), lakini yanaongeza kwamba protini ya p53 ilipimwa na kuonekana katika mpangilio wa kawaida. Nimesoma kuwa p53 inatokana na jeni ya kuzuia saratani. Kama sina saratani, jeni hiyo inahusika vipi na ugonjwa wangu? Je, wanangu wapimwe?

Jibu: Ndugu msomaji, majibu uliyopewa ni mazuri, na swali lako ni la msingi. Jeni hizi hazisubiri saratani itokee ndipo zianze kazi. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, na kasi hiyo haiwezi kuwa salama pasipo jeni zinazoielekeza seli isimame, ijirekebishe au ife. Jeni ya APC, iliyo kwenye kromosomu ya 5, husaidia kuvunjwa kwa protini ya beta-katenini, inayochochea seli kugawanyika, ili seli zinazopanda kutoka chini ya vishimo vya utando ziache kugawanyika na kushika kazi zake za kufyonza maji na kutoa ute. Jeni ya TP53, iliyo kwenye kromosomu ya 17, ndiyo inayotengeneza p53, protini ambayo huongezeka pale DNA ya seli inapojeruhiwa: jeraha likiwa dogo huisimamisha seli hadi itengemae, na likiwa kubwa huielekeza kufa.

Katika kolaitisi, seli nyeupe za damu zinazoingia kwenye utando hutoa kemikali kali za oksijeni na naitrojeni, ambazo hujeruhi DNA mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi vya kutosha, nami naona wanastahili kulijua: jeni ileile inayowalinda inaweza kuwa na sehemu yake katika maumivu yao. Seli nyingi zikifa kwa wakati mmoja, utando hupata mianya, bakteria wa utumbo hupenya, na mchochota, yaani hali ya utando kuvimba na kuwaka, huzidi. Haifai hata hivyo kuitwika p53 lawama yote, kwa kuwa majaribio ya panya yameonyesha kwamba protini ya PUMA, inayoua seli za utando wakati wa kolaitisi, inaweza kuamshwa na mchochota wenyewe bila p53 kuhusika.

Hatari ya upande wa pili huja pale TP53 inapoharibika katika seli moja. Seli hiyo haitii tena amri ya kufa, na kwa kuwa jirani zake wanaendelea kufa, uzao wake hupata nafasi ya kutanda. Mabadiliko ya namna hiyo yamekutwa katika utando wenye mchochota ambao bado haujawa na saratani. Katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, APC huwa miongoni mwa jeni za kwanza kuharibika na TP53 huja baadaye. Kwa mgonjwa wa kolaitisi ya muda mrefu, mara nyingi TP53 ndiyo hutangulia. Ndiyo maana mpatholojia, daktari anayechunguza vinyama hivyo maabara, huomba kipimo cha p53 anapoona seli zinazomtia shaka, maana mchochota mkali nao huweza kuzipa seli sura inayofanana na displasia. Protini ikionekana hapa na pale, kwa rangi hafifu, huo ni mpangilio wa kawaida. Ikijaa kwa rangi nzito katika viini vya seli karibu vyote, au ikikosekana kabisa, mpatholojia hushuku kwamba jeni imeharibika, ingawa hata hapo kipimo hicho pekee hakitoshi kutangaza ugonjwa.

Jambo hili halihusu utumbo mpana peke yake. Bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, aina zile zenye protini ya CagA, huiingiza protini hiyo ndani ya seli za tumbo, ikaishika protini nyingine iitwayo ASPP2 na kusababisha p53 ivunjwe. Mchochota wa bakteria hao pia huweza kuinyamazisha jeni ya CDH1, inayoshikamanisha seli, kwa kuiwekea alama za kikemikali bila kubadilisha herufi zake. La kutia moyo ni kwamba alama hizo zimeonekana kupungua baada ya bakteria kutokomezwa kwa dawa.

Kwako wewe, la muhimu ni kuutuliza mchochota. Usiache dawa kwa sababu tu dalili zimepungua, kwani utando unaweza kuendelea kujeruhiwa kimyakimya. Kwa kuwa umeshapita miaka 8 tangu ugonjwa uanze, muda ambao uchunguzi wa kamera wa mara kwa mara huanza kupendekezwa, kubaliana na daktari wako kuhusu tarehe ya kipimo kijacho. Mwambie pia kama una ugonjwa wa mirija ya nyongo uitwao kolanjaitisi ya makovu, kwa sababu wenye ugonjwa huo hupimwa kila mwaka.

Kuhusu wanao, hata kama p53 yako ingeonekana si ya kawaida, mabadiliko yanayoletwa na mchochota hubaki katika seli za utando wa utumbo na hayarithishwi. Hali ni tofauti katika familia zenye kasoro ya kuzaliwa ya APC, ambako mamia ya polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye utando, huota tangu ujanani, au kasoro ya STK11, ambako mtoto huwa na madoa meusi midomoni na polipu zinazoweza kuziba utumbo. Kama hakuna historia ya namna hiyo katika ukoo wenu, wanao hawahitaji kipimo cha jeni kwa ajili ya majibu yako haya.