Poni (farasi mdogo) mzee mwenye baridi yabisi: nimfunike blanketi wakati wa baridi?

Mfunike, dada, hasa kama amekonda au malishoni hakuna pa kujikinga. Baridi kavu manyoya yake huimudu. Kinachomtesa poni mzee huku Uingereza ni mvua na upepo, maana manyoya yakilowa hulala, joto likapotea upesi na viungo vikakaza. Nimehudumia mmoja wa miaka 27, blanketi jepesi lisilopitisha maji lilimtosha kabisa. Livue kila asubuhi umpapase mbavu, na uingize mkono nyuma ya bega: ukikuta jasho, ni zito mno. Nyasi kavu zisikatike, ndizo zinazompa joto kutoka tumboni. Ila usimfungie bandani kutwa, kusimama tu kunamkaza zaidi.